Kabla hujajaza hiyo fomu, angalia swali limeundwaje

Hebu fungua WhatsApp yako sasa hivi uhesabu. Kuna fomu ya kikundi cha mtaa inayotaka kujua kama umeridhika na uzoaji wa taka. Kuna linki ya kampuni fulani inayoahidi bando ukijibu maswali kumi. Kuna yule rafiki yako wa chuo anayekusihi umjazie hojaji ya utafiti wake kabla ya Ijumaa, na kila siku anaongeza emoji moja ya kulia. Ukihamia X, mtu ameweka kura: 2027 utampigia nani? Majina manne, gusa moja. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na kadiri siku zinavyosonga ndivyo maswali haya yatakavyozidi kutumiminikia.

Matokeo yakitoka, wengi wetu hubishana kuhusu watu. Walihojiwa wangapi? Walihojiwa wapi? Nani alilipia? Hayo ni maswali halali kabisa. Lakini kuna jambo linalotangulia hayo yote na karibu hakuna anayeligusa: swali lenyewe liliulizwa vipi? Ulipewa ndio na hapana tu? Ulipewa orodha? Ama uliachwa useme kwa maneno yako? Kwa sababu, ndugu yangu, umbo la swali hushika usukani wa jibu kabla hujafungua mdomo.

Chukua mfano ambao sote tuliutazama kwenye runinga. Oktoba 8, 2024, Bunge la Kitaifa lilipigia kura hoja ya kumng'oa aliyekuwa Naibu Rais, Rigathi Gachagua. Hoja ile ilikuwa na mashtaka 11. Mbunge hata hivyo aliulizwa kitu kimoja tu: unaunga mkono hoja ama huungi? Wabunge 281 wakasema ndio, 44 wakasema la. Ukitazama hesabu hiyo unaona ukuta, hata sindano haipenyi.

Siku tisa baadaye, Oktoba 17, hoja ileile ikawa mbele ya Seneti. Huko swali lilikatwakatwa. Shtaka la kwanza, ndio ama la. La pili, ndio ama la. Hivyo hivyo hadi la 11. Na ule ukuta ukaonyesha nyufa zake: mashtaka matano yakapita, sita yakaanguka. Yale ya matamshi ya kuwagawanya Wakenya kwa misingi ya kikabila yalipita. Lile la kujilimbikizia mali kwa njia ya ufisadi, ambalo ndilo lililopigiwa kelele zaidi kwenye mitandao, likaanguka.

Najua utaniambia maseneta si wabunge, na kwamba Seneti ilikaa kama mahakama. Kweli. Pia ni kweli kwamba kikatiba shtaka moja lililothibitishwa lingetosha, kwa hivyo Gachagua angeenda nyumbani kwa vyovyote. Lakini angalia tulichopata kujua. Kura ya wabunge inakuambia watu walitaka aondoke. Haikuambii kwa nini, na hata ukiikamua usiku kucha haitakuambia, kwa sababu anayeamini shtaka moja na anayeamini yote 11 wamebonyeza kitufe kimoja. Kura ya Seneti inakuambia ni lipi liliaminika na ni lipi halikuaminika. Tofauti hiyo imetokana na jinsi swali lilivyopangwa.

Hili ndilo kosa la kwanza kwenye hojaji nyingi ninazokutana nazo: swali moja linabebeshwa mizigo miwili. "Je, umeridhika na usalama na taa za barabarani mtaani kwako?" Taa zipo, zinawaka vizuri, na chini ya taa hizo hizo nimenyang'anywa simu. Nijibu nini? Nikisema ndio, kiongozi atajipiga kifua kuhusu usalama. Nikisema hapana, yule fundi aliyeweka taa ataonekana hajafanya kazi. Ukiona neno "na" katikati ya swali, shtuka. Mara nyingi hapo ndipo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Na usidhani ni jambo dogo la fomu za mtaani. Mwaka 2010 tulipitisha Katiba nzima kwa swali moja la ndio ama la, kijani ama nyekundu. Kuna watu waliopenda ugatuzi na hawakutaka kusikia habari za Mahakama za Kadhi. Kuna waliotaka haki za ardhi na wakakwama kwenye kifungu cha uavyaji mimba. Wote walipewa kisanduku kimoja. Ndio ilishinda kwa zaidi ya thuluthi mbili ya kura, na mimi sina shida na matokeo. Ila hadi leo mwanasiasa akisimama na kukuambia "Wakenya walikubali kifungu fulani mwaka 2010", ujue hana namna ya kujua. Hakuna aliyeulizwa kuhusu kifungu hicho.

BBI nayo ilikuja na mapendekezo 74 ya kubadilisha Katiba. Mojawapo ya mambo yaliyopelekwa mahakamani lilikuwa hili hasa: je, mwananchi aulizwe swali moja kuhusu furushi lote, ama kila pendekezo liwe na swali lake? Mnamo Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ilipoizima BBI, ilisema suala hilo bado halijaiva kuamuliwa. Maana yake ni kwamba limebaki pale pale lilipoachwa. Siku nyingine mtu akija na furushi lake, IEBC ndiyo itakayokuwa na kazi ya kuunda swali, na vita vya kwanza vitakuwa hapo, kabla hata ya kampeni na fulana.

Sasa tuseme umeshagawa mizigo yako vizuri, kila swali na mzigo wake. Linakuja jambo la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi: umpe mtu orodha achague, ama umwache aseme mwenyewe?

Baada ya uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 2008, kituo cha utafiti cha Pew kilijaribu yote mawili. Swali lilikuwa lile lile: ni jambo gani moja lililokusukuma zaidi ulipoamua utampigia nani? Kundi la kwanza lilisomewa orodha ya mambo matano. Asilimia 58 wakachagua uchumi. Kundi la pili halikusomewa chochote, liliachwa liseme. Waliotaja uchumi wakawa asilimia 35. Tena kwenye kundi hilo la pili asilimia 43 walitaja mambo ambayo hayakuwa kwenye orodha kabisa, wakati kwenye kundi la kwanza waliotoka nje ya orodha walikuwa asilimia 8 tu. Nchi moja, uchaguzi mmoja, na ukisoma kundi la kwanza pekee ungeapa kwamba uchumi ulimeza kila kitu.

Hakuna aliyedanganya hapo. Ukimsomea mtu orodha, unamkumbusha vitu na pia unamwekea ua. Ni kama kuingia kibandani. Mama akikuuliza "utakula nini?" unaweza kusema githeri. Akikuuliza "chapo ama wali?" githeri inapotea kichwani mwako hata kama ndiyo uliyoitamani tangu asubuhi.

Ndiyo maana Afrobarometer, wanapotuuliza Wakenya ni matatizo gani makubwa ambayo serikali inafaa kuyashughulikia, hawatusomei orodha. Unasema mwenyewe, hadi majibu matatu, kisha wao ndio wanaoyapanga kwenye makundi. Ni kazi. Kila jibu lazima lisomwe na mtu. Kwa hivyo usikimbilie maswali ya wazi kila mahali kwa sababu tu yana heshima zaidi. Watu 300 wakikuandikia aya tatu kila mmoja, na uko peke yako na simu iliyopasuka kioo, hutazisoma. Utazipitia juu juu, uchukue zile zinazokubaliana na ulichokuwa unafikiria tayari.

Njia inayofanya kazi ni hii: anza na watu kumi au kumi na watano, waulize swali la wazi, andika maneno yao yenyewe. Majibu yatakayojirudia ndiyo utakayoyageuza kuwa orodha ya fomu kubwa. Hapo orodha inakuwa imetoka mtaani, haikutoka kichwani mwako wala ofisini Upper Hill.

Nasema hivi kwa sababu nimeishi upande ule mwingine wa fomu. Niliacha chuo mwaka wa pili, hadithi ya karo ambayo unaijua, na kwa muda riziki yangu ikatoka kwa kubeba kishikwambi mlango kwa mlango nikiwauliza watu maswali yaliyoandikwa na wengine. Siku moja nilikuwa Mathare na swali lililosema: "Umeridhika kiasi gani na huduma ya maji unayopata kutoka kwa kaunti?" Majibu yalikuwa matano, kuanzia "nimeridhika sana" hadi "sijaridhika kabisa". Mama niliyekuwa namhoji alinitazama kwa huruma.

"Maji gani, mwanangu?"

Yeye hununua maji kwa mtungi. Hana mfereji na hajawahi kuwa nao. Lakini kishikwambi hakikuwa na nafasi ya jibu hilo, na bila kuchagua moja kati ya yale matano hakiendi mbele. Kwa hivyo kwenye ripoti iliyotoka, yule mama amehesabiwa kama mteja ambaye hajaridhika na huduma ambayo hajawahi kuipata. Anayesoma ripoti atafikiri dawa ni kuboresha huduma. Dawa ilikuwa kuleta mfereji. Swali moja fupi lingetangulia, "Je, nyumba yako ina mfereji wa maji?", halafu wasio nao waruke, na picha ingekuwa nyingine kabisa.

Visanduku vya majibu vina siasa yake. Kisanduku kisipokuwepo, mtu hayupo. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza hapa Kenya kuweka jibu la tatu kwenye swali la jinsia, kwa ajili ya watu wenye jinsia mbili, huntha. Walihesabiwa 1,524 kati ya Wakenya 47,564,296. Unaweza kubishana kwamba idadi hiyo ni ndogo kuliko hali halisi, kwa sababu wengine hawawezi kumwambia karani jambo kama hilo sebuleni mbele ya majirani. Lakini kabla ya 2019 idadi yao rasmi haikuwa ndogo. Haikuwepo. Nayo sensa ya 2009, kwenye swali la kabila, ilikuwa na nafasi ya mtu kujitaja kuwa Mkenya tu, na zaidi ya watu 600,000 waliitumia. Fikiria fomu isingekuwa na nafasi hiyo. Watu hao wote wangesukumwa kwenye makabila wasiyotaka kuyataja, na hakuna ambaye angejua kwamba walitaka kusema jambo jingine.

Kisanduku ambacho watu wengi hukichukia ni "sijui". Wanaona kinaharibu data. Mimi nakiona kama dirisha. Rudi 2022. Wiki ya mwisho kabla ya uchaguzi, kura za maoni nyingi zilimweka Raila Odinga mbele. Ipsos, kwa mfano, ilimpa asilimia 47, na William Ruto 41. Jumlisha: 88. Waliobaki walikuwa wafuasi wa wagombea wengine wawili, wale ambao hawajaamua, na wale waliokataa kusema. Kisha IEBC ikatangaza: Ruto 50.49, Odinga 48.85. Angalia hesabu hiyo polepole. Raila hakuwa mbali na alichopewa na kura ya maoni, aliongeza chini ya pointi mbili. Ruto aliongeza zaidi ya tisa.

Siwezi kukuambia kila kitu kilichotokea katikati. Wapo waliobadili mawazo, wapo ambao hawakwenda kupiga kura. Lakini kama ulisoma zile namba mbili kubwa pekee uliona pengo la pointi sita, ukalala. Kama ulitazama kile kibaki cha chini kabisa kwenye jedwali, kile ambacho runinga hata haikukisoma, uliona kwamba mchezo haujaisha. Kura ya X haina kibaki hicho. Inakubali majibu manne tu, na asiyejua ama asiyetaka kusema anapita zake. Unabaki na wenye uhakika peke yao, tena wale wanaomfuata aliyeuliza. Halafu kesho yake picha ya matokeo inazungushwa kwenye magrupu kama ilani ya Mungu.

Sasa tuje kwa jambo ambalo wataalamu wa fomu za kutafsiri hulisahau kila siku: Kiswahili chenyewe.

Sisi tumelelewa na swali la kufunga linaloitwa "habari yako?" Jibu ni "nzuri". Hata kama una malaria, ni "nzuri, ila naumwa kidogo". Kwanza unasema nzuri, ndipo ukweli unafuata ukipewa nafasi. Sasa mletee mtu aliyelelewa hivi fomu ya "tathmini huduma zetu", tena ishikwe na kijana mgeni mwenye beji shingoni, amesimama mlangoni kwako. Utapata "nzuri" nyingi sana. Na hakuna nafasi ya "ila". Ukitaka ile "ila", usimuulize mtu huduma ilikuwaje. Muulize ni nini kilitokea: ulisubiri kwa muda gani? Uliombwa pesa nje ya ada? Ulirudi mara ngapi? Kwa maswali ya namna hiyo adabu haina pa kujificha.

Halafu kuna swali la kukanusha. "Hukupiga kura 2022?" Jirani yako anajibu "ndio". Kwa Kiswahili chetu amesema ndio, sikupiga. Mwingine, ambaye kichwa chake kimezoea Kizungu cha ofisini, anajibu "ndio" akimaanisha alipiga. Fomu ina visanduku viwili, ndio na hapana, na wote wawili wameingia kisanduku kimoja wakiwa na maana zinazopingana. Huwezi kuwatenganisha tena, hata ulete kompyuta gani. Uliza "Je, ulipiga kura ama hukupiga?" na uandike majibu hivyo hivyo: nilipiga, sikupiga.

Waingereza walijifunza jambo linalokaribiana na hilo kwa njia rasmi. Swali la kwanza lililopendekezwa kwa kura yao ya maamuzi ya 2016 lilikuwa: je, Uingereza ibaki kuwa mwanachama wa Muungano wa Ulaya? Ndio ama la. Mwaka 2015 Tume yao ya Uchaguzi ililijaribu kwa watu na kusema hapana, hili lina mwelekeo, kwa sababu limetaja upande mmoja tu na upande huo ndio umepewa "ndio". Likabadilishwa: ibaki ama itoke, na majibu yakawa maneno yenyewe, kubaki na kutoka. Scotland nayo, kwa kura yao ya 2014, ilikuwa na swali lililoanza na "je, unakubali kwamba". Likaondolewa, wakaulizwa moja kwa moja kama Scotland iwe nchi huru. Hebu jiulize ni fomu ngapi umewahi kujaza hapa kwetu zinazoanza na "je, unakubali kwamba". Binadamu mstaarabu hapendi kumkatalia mgeni.

Na zile ngazi za moja hadi tano! Hapa napandwa na hasira kidogo, nisamehe. Kwenye fomu, tano ndiyo nzuri kabisa na moja ndiyo mbaya. Lakini sisi tumesoma shule ambako namba moja ndiye anayepewa zawadi siku ya kufunga, na namba ya mwisho anajificha nyuma ya choo. Ukimwambia mzee wa mtaa "ipe zahanati alama kutoka moja hadi tano" bila kumwambia lolote jingine, kuna nafasi kubwa kwamba akiipenda ataipa moja. Weka maneno. Mbaya sana, mbaya, wastani, nzuri, nzuri sana. Ni marefu kuyasoma, lakini angalau mnazungumza lugha moja. Na tafadhali usiandike "nakubali kwa kiasi fulani". Sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo ndani ya matatu.

Neno jingine lenye mitego ni "kazi". Muulize kijana wa Pipeline: "Una kazi?" Atakuambia hana, anahangaika tu. Usiku huo huo amebeba abiria kwa boda, asubuhi aliuza mayai, na jioni atashona kiatu cha mtu. Kwake kazi ni ile ya barua na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wakusanyaji wa takwimu rasmi, KNBS, wanafuata mtindo wa Shirika la Kazi Duniani: katika siku saba zilizopita, ulifanya shughuli yoyote ya malipo ama faida, hata kwa saa moja? Kwa swali hilo, yule kijana ameajiriwa. Na aliyekata tamaa akaacha kabisa kutafuta haingii kwenye hesabu ya kawaida ya wasio na ajira. Ndiyo maana unaona idadi rasmi ya wasio na ajira ikiwa na tarakimu moja tu, unacheka, unasema wamepika. Hawajapika. Wameuliza swali jingine tofauti na lile lililo kichwani mwako. Swali lao ni zuri kwa kulinganisha Kenya na nchi nyingine. Kwa kujua kama vijana wanaweza kulipa kodi ya nyumba, halisaidii sana. Kwa hilo inabidi uulize walipata pesa ngapi, na kama wangechukua saa zaidi za kazi zikipatikana.

Wewe unayeunda fomu wiki hii, na najua mko wengi, kuna vitu vidogo vya simu vinavyoweza kukuokoa. Kwenye Google Forms, viduara vinamruhusu mtu kuchagua kimoja tu, visanduku vya mraba vinamruhusu kuchagua vingi. Kama unauliza "pesa za kikundi zianze na nini?" halafu umeweka mraba, kila mtu atatia alama kwenye kila kitu: taa, mitaro, uwanja, karo. Umejifunza kwamba watu wanapenda vitu vizuri. Weka viduara, uwalazimishe kuchagua kimoja, hapo utaona mtaa unaumia wapi. Kinyume chake, kama unauliza watu hupata habari wapi, ukiweka viduara umewalazimisha kudanganya, kwa sababu kila mmoja wetu hupata habari mahali pengi. Lile swali la kupanga vitu kumi kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, liache. Kwenye kioo kidogo mtu anapanga vitatu vya juu kwa makini na vingine anavitupa popote. Umri, kipato na dini viweke mwisho, mtu akiwa amekuzoea.

Halafu kabla ya kuituma kwa watu 300, kaa na watu watano. Usiwape simu. Wasomee swali, wajibu kwa sauti, kisha waulize: "Umeelewa nimeuliza nini?" Utashangaa. Nilimsikia jamaa mmoja akiulizwa "nyumbani ni wapi?" akajibu Siaya, ilhali amelala Kayole miaka 11. Hajakosea. Kwa mtu wa Nairobi nyumbani ni ushago, na hapa ni pa kutafutia tu. Kama ulitaka kujua anaishi wapi, uliza alilala wapi usiku wa jana, kama makarani wa sensa wanavyofanya.

Kwa upande wa kura za maoni zenyewe, tuna sheria tangu 2012. Anayechapisha kura ya maoni ya uchaguzi anatakiwa kueleza, pamoja na mengine, nani aliifadhili, nani aliifanya, lini, walihojiwa wangapi na kiwango cha makosa ni kipi. Siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi matokeo hayaruhusiwi kuchapishwa. Runinga zetu husoma hivyo vitu haraka haraka, mtangazaji akiwa tayari anageukia wachambuzi wake.

Kwa hivyo safari hii, wakianza kutuonyesha majedwali ya rangi saa moja jioni, nenda kwenye tovuti ya kampuni hiyo utafute ile ripoti ndefu. Tafuta swali lenyewe lilivyoandikwa, neno kwa neno, na kwa lugha gani. Tazama kama majina yalisomwa ama mtu aliachwa ataje mwenyewe, kwa sababu mwanasiasa ambaye jina lake halipo kwenye orodha atapata sifuri hata kama mtaa wenu wote unamtaja. Tazama "sijui" na "nimekataa kusema" zina asilimia ngapi, na kama zimeunganishwa. Na kama ripoti haina swali lenyewe popote, waandikie uwaulize. Wana akaunti X, na huwa wanajibu.